Doti na Ndoto: Uhakiki wa Taswira ya Marekani katika Kiswahili cha Maniema

1.0 Utangulizi

Wahakiki wa fasihi ya Kiswahili wamezoea kuchunguza jinsi mgeni alivyomtazama Mwafrika: msafiri wa Kizungu aliandika nini, mmisionari alitafsiri nini, mkoloni aliamuru nini. Upande wa pili wa kioo hicho haujashughulikiwa kwa kiasi kile kile. Ni nadra kuulizwa mzungumzaji wa Kiswahili mwenyewe ameziundia nchi za mbali taswira gani, kwa maneno gani, na taswira hiyo inamfanyia nini yeye aliyeiunda.

Makala haya yanakusudia kuchunguza taswira moja tu miongoni mwa hizo, nayo ni ya Marekani kama inavyosikika katika Kiswahili cha Maniema, hasa mjini Kindu. Taswira hiyo ni maarufu: Marekani ni nchi ambamo kila mtu ni tajiri, kazi ni nyepesi, na fedha haikauki. Kwamba taswira hii ina kasoro si habari mpya, kwani kila mzee wa mtaa atalisema hilo jioni, hata kama asubuhi yake aliuliza habari za bahati nasibu ya viza. Jambo linalostahili kuchunguzwa ni kwa nini taswira hiyo haifi ijapokuwa imekanushwa mara nyingi. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba kosa halimo katika kuamini kuwa Marekani ni nchi tajiri, maana ni tajiri kweli. Kosa limo katika muundo wa usemi wenyewe: Marekani inasimuliwa kwa nomino bila vitenzi, kama mali isiyo na mtenda. Mithali ya Kiswahili imekwisha kuonya juu ya kosa hili: usione vyaelea, vimeundwa.

2.0 Merikani ya Kitambaa

Marekani ya kwanza kufika Maniema haikuwa nchi, ilikuwa nguo. Mnamo 1833 Sultani Seyyid Said alifunga mkataba wa biashara na Marekani, na mwaka 1837 ubalozi mdogo wa nchi hiyo ukafunguliwa Unguja. Wafanyabiashara wa mji wa Salem, katika jimbo la Massachusetts, walileta kitambaa kizito cha pamba kisichotiwa rangi, wakachukua pembe za ndovu, sandarusi na bidhaa nyingine. Watu wa pwani wakakiita kitambaa hicho merikani. Kikabebwa mabegani mwa wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, kupitia Tabora na Ujiji, hata kikafika Kasongo na Nyangwe kwenye ukingo wa Lualaba. Huko kilipimwa kwa mkono, shuka, doti na jora. Kilikuwa vazi, na pia kilikuwa fedha: kwa doti kadhaa mtu alinunua chakula, akalipa hongo ya njia, au akatoa mahari.

Yafaa kutazama kilichofichwa ndani ya nguo hiyo. Pamba iliyofumwa katika viwanda vya kaskazini mwa Marekani ilivunwa katika majimbo ya kusini na watumwa wenye asili ya Afrika, hadi utumwa ulipokomeshwa huko mwaka 1865. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1861 hadi 1865 vilipozuia pamba hiyo, merikani iliadimika Unguja na bei yake ikapanda. Nguo hiyo ilipofika Maniema, ilibadilishwa kwa pembe na kwa watu. Pembe nazo zilivuka bahari, na sehemu yake ikageuzwa vitana na vibonye vya piano katika viwanda vya jimbo la Connecticut. Basi mtu wa Nyangwe aliyeshika doti ya merikani alishika jasho la mtumwa mmoja lililobadilishwa kwa jasho la mtumwa mwingine, na wote wawili hawakuonekana. Kilichoonekana ni nguo nyeupe, nzuri, imara, yenye jina la nchi.

Hali kadhalika, mwaka 1876 Henry Morton Stanley alipofika Nyangwe, gharama za msafara wake zilikuwa zimelipwa na magazeti mawili, New York Herald la Marekani na Daily Telegraph la London. Wenyeji waliona mizigo, bunduki na mashua iliyobebwa vipande vipande. Hawakuweza kumwona mfanyakazi wa kiwanda cha uchapaji wala msomaji aliyetoa senti zake kununua gazeti.

Kwa hiyo tangu karne ya 19 taswira ya Marekani katika eneo hili imejengwa juu ya kitu kilichokamilika na kutengwa na kazi iliyokizalisha. Marekani imeendelea kufika kwa sura hiyo hiyo: kopo la mafuta ya msaada lenye bendera, robota la nguo zilizokwisha kuvaliwa, filamu, simu ya mkononi. Mnunuzi anayechambua marobota sokoni Kindu leo anashika shati lenye maandishi ya mji wa mbali kama vile babu yake alivyoshika doti. Shati hilo halisemi lilitupwa kwa sababu gani, wala mwenyewe alilinunua kwa mkopo au kwa fedha taslimu.

3.0 Msamiati wa Mahali pa Mbali

Msamiati unathibitisha hoja hiyo. Neno Ulaya, ambalo kwa wazee wengi lilihusu nchi zote za Wazungu, asili yake ni neno la Kiarabu wilaya, yaani eneo lililo chini ya utawala. Kwa upande wa Kilingala, ambacho kimesambaa mjini Kindu kupitia jeshi, muziki na safari za Kinshasa na Kisangani, kuna Poto, neno linalohusishwa na jina la Ureno, na mikili, linalotokana na mokili, yaani dunia. Vijana wa Kinshasa wameongeza lola, ambalo maana yake ya asili ni mbinguni. Nchini Kenya watu husema majuu. Tanzania kumesikika mamtoni na ughaibuni.

Maneno hayo hayakuzuka ovyo. Majuu na lola yanaiweka nchi ya mbali juu, mahali ambapo mtu hapandi kwa nguvu zake ila huinuliwa. Mikili inaifanya nchi hiyo kuwa dunia yenyewe, kana kwamba anayebaki Kindu au Kasongo hayumo duniani. Anayesema lola hana haja ya kuuliza kodi ya nyumba huko ni kiasi gani, kwa maana mbinguni hapalipwi kodi. Neno limekwisha kujibu kabla ya swali kuulizwa.

Yapo hata hivyo maneno mawili yanayokwenda kinyume, na inasikitisha kwamba hayajapewa uzito. La kwanza ni unyamwezini, jina ambalo vijana wa Tanzania waliwahi kuipa Marekani kwa mzaha. Mzaha huo una historia ndani yake: Mnyamwezi ndiye aliyeibeba merikani begani kutoka pwani hadi Maniema. Kuiita Marekani kwa jina la wapagazi ni kukiri, hata bila kukusudia, kwamba huko nako mtu hubeba mzigo.

La pili ni ng'ambo. Neno hili ni la unyenyekevu. Maana yake ya kwanza ni ukingo wa pili wa maji. Mkazi wa Kindu analifahamu kuliko watu wengi, kwa kuwa mji wake umegawanywa na Lualaba: Kasuku na Mikelenge ziko upande wa kushoto wa mto, na Alunguli iko upande wa kulia. Kila siku watu huvuka kwa mtumbwi kwenda na kurudi. Hakuna mtu wa Kasuku anayedhani kwamba Alunguli watu hula bila kulima. Anajua nauli ya mtumbwi, anajua hatari ya mkondo, anajua kwamba anayevuka na mchele sharti aubebe mwenyewe kutoka ufukoni. Laiti Marekani ingefikiriwa kama ng'ambo kwa maana hiyo ya Kindu, sehemu kubwa ya upotofu unaojadiliwa hapa isingekuwapo.

4.0 Sentensi Isiyo na Mtenda

Sentensi inayosikika mara kwa mara katika mazungumzo ya mjini ni hii: Amerika kuko feza. Kisarufi, ni sentensi ya kuwapo. Ina mahali na ina kitu. Haina mtenda, haina kitenzi cha kazi, haina wakati. Fedha iko Marekani kama vile samaki walivyo mtoni au dhahabu ilivyo ardhini. Wala huo mfano wa dhahabu si wa bahati mbaya, kwa kuwa Maniema ni nchi ya dhahabu na ya mawe ya bati, na mtu wa eneo hili amezoea kufikiria mali kuwa kitu kilicholala mahali, kikingoja atakayefika.

Lakini hata katika migodi, anayejua kazi hasemi kuko dhahabu kisha akanyamaza. Atasema nani alichimba, kwa siku ngapi, maji yaliingia shimoni mara ngapi, mwenye shimo alichukua fungu gani. Sentensi ya kuwapo hugeuka haraka kuwa masimulizi yenye watendaji. Marekani peke yake ndiyo iliyobaki katika umbo la kuwapo.

Sentensi ya pili ni Alipata Amerika. Kitenzi kupata kinatumika pia kwa ugonjwa, kwa mtoto na kwa bahati. Mara nyingi hueleza jambo linalomjia mtu kuliko jambo analolitenda. Aliyepata Amerika anachukuliwa kuwa amekwisha kufika mwisho wa hadithi, kama shujaa wa ngano aliyeoa binti wa mfalme. Ngano haielezi shujaa huyo aliamka saa ngapi kesho yake. Kwa msimuliaji wa Kindu, kupanda ndege ni hitimisho. Kwa aliyepanda ndege, ni sura ya kwanza.

Mithali iliyotajwa mwanzoni ina sarufi iliyo kinyume kabisa. Katika usione vyaelea, vimeundwa, nusu ya kwanza ni ya kuonekana: kuna vyombo, vinaelea. Nusu ya pili inatumia kauli ya kutendwa, na kauli ya kutendwa daima hubakiza swali: vimeundwa na nani? Wahenga hawakukanusha kwamba vyombo vinaelea. Walichokataa ni kuishia hapo.

5.0 Ujumbe kutoka Ng'ambo kama Utanzu

Haitakuwa haki kumlaumu msikilizaji peke yake. Kuna utanzu mzima wa fasihi simulizi ambao bado haujapewa jina, nao ni ujumbe kutoka ng'ambo: zamani barua na kaseti, leo sauti na picha zinazotumwa kwa simu. Kama tanzu nyingine, una kanuni zake. Huanza kwa salamu ndefu kwa kila mzee kwa jina lake, huleta picha, hutaja Mungu, huahidi, kisha hufunga. Picha hupigwa mbele ya gari au dukani, si mbele ya mashine ya kiwanda saa kumi ya alfajiri.

Mfano wa jumla wa mazungumzo hayo waweza kuwa hivi. Mdogo aliye nyumbani anasema: Yaya, tunasikia uko muzuri, Mungu akubariki. Yaya anajibu: Niko muzuri, kazi iko, salimia mama. Kisha linakuja swali: Sasa Yaya, utatuma siku gani? Kati ya kazi iko na utatuma siku gani kuna pengo, na ndani ya pengo hilo ndimo maisha yote ya mhamiaji yalimofukiwa. Yaya hakudanganya, kwani kazi iko kweli. Lakini heshima ya mkubwa katika ukoo haimruhusu kusema kwamba kazi yenyewe ni kusimama saa nane katika baridi ya chumba cha nyama, wala kwamba mshahara umekwisha kabla ya mwezi. Mkubwa hutoa, haombi; hufariji, halii mbele ya wadogo zake. Akieleza ukweli ataonekana bahili anayetafuta kisingizio, au mvivu aliyeshindwa mahali ambapo hakuna anayeshindwa.

Hivyo kimya cha msemaji na tamaa ya msikilizaji hufanya kazi pamoja. Kila mmoja humsaidia mwenzake kuitunza taswira, na kila mmoja huumizwa nayo.

6.0 Vilivyoundwa

Ni vitenzi gani vinavyokosekana katika masimulizi hayo? Tuchukue kundi moja ambalo Wakongomani wengi wanalifahamu, yaani wakimbizi waliopewa makazi Marekani baada ya kuishi miaka mingi katika kambi kama Nyarugusu, mkoani Kigoma, iliyofunguliwa mwaka 1996. Katika mwaka wa bajeti wa 2016 Marekani ilipokea wakimbizi zaidi ya 16,000 kutoka Kongo, na mwaka wa 2023 zaidi ya 18,000. Wengi wao ni wasemaji wa Kiswahili. Mpango huo ulisimamishwa kwa amri ya rais mnamo Januari 2025.

Kitenzi cha kwanza ni kudaiwa. Nauli ya ndege ya mkimbizi kwa kawaida haikuwa zawadi. Ilikuwa mkopo usio na riba kupitia Shirika la Kimataifa la Uhamiaji, na familia ilianza kuulipa miezi michache tu baada ya kufika. Familia ya watu wanane ilishuka uwanjani ikiwa na deni la tiketi nane.

Kitenzi cha pili ni kuharakisha. Msaada wa mapokezi ulihesabiwa kwa siku 90 za mwanzo. Katika muda huo mtu alitakiwa kupata nyumba, kuanza Kiingereza, kuwaingiza watoto shuleni na kupata kazi yoyote iliyopatikana. Mwalimu, muuguzi au daktari alikuta kwamba shahada yake haimpi ruhusa ya kufanya kazi yake mpaka apite mitihani mingine. Wengi wakaishia ghalani, katika usafi wa hoteli, katika kuwatunza wazee, au katika viwanda vya kuchinja na kufungasha nyama vya majimbo kama Iowa.

Kitenzi cha tatu ni kulipa. Hapa ndipo hesabu inapowapotosha hata wasomi. Kima cha chini cha mshahara katika sheria ya shirikisho ni dola 7.25 kwa saa, na hakijapanda tangu Julai 2009. Kwa saa nane ni dola 58. Mtu wa Kindu akizigeuza dola hizo kuwa faranga za Kongo, anaona hazina. Lakini amegeuza fedha bila kugeuza bei. Mshahara huo kwa mwaka mzima, saa 40 kwa juma, ni dola 15,080 kabla ya kodi ya serikali. Mwaka 2024 kiwango rasmi cha umaskini nchini humo kwa familia ya watu wanne kilikuwa dola 31,200. Maana yake ni kwamba mfanyakazi wa kima cha chini mwenye mke asiye na kazi na watoto wawili hakufikia hata nusu ya mstari wa umaskini wa nchi yake. Ni kweli kwamba majimbo mengi yana kima cha juu zaidi, na wakimbizi wengi hulipwa zaidi ya hapo. Hata hivyo mfano huu unaonyesha kwamba dola ni kipimo cha mahali, kama vile doti ilivyokuwa na thamani moja Unguja na nyingine Nyangwe. Wapagazi wa karne ya 19 waliujua ukweli huo vizuri kuliko wajukuu wao.

Orodha yaweza kuendelea. Matibabu hutegemea bima, na mwaka 2023 watu wapatao milioni 26 hawakuwa na bima yoyote. Sheria ya shirikisho ya 1993 inawapa wafanyakazi wanaotimiza masharti majuma 12 ya likizo ya uzazi, lakini haimlazimishi mwajiri kulipa hata senti katika majuma hayo. Hesabu ya Januari 2024 iliwakuta watu zaidi ya 770,000 wasio na makazi. Kwa masikio ya Maniema takwimu hii ya mwisho ni ngumu kuliko zote, kwani kulala nje katika nchi tajiri ni jambo ambalo sentensi ya Amerika kuko feza haiwezi kulibeba.

7.0 Kusadikika na Wasafiri wa Kale

Fasihi andishi ya Kiswahili ina dawa ya upotofu huu, ila haisomwi kwa jicho hilo. Kusadikika ya Shaaban Robert, iliyochapishwa mwaka 1951, kwa kawaida hufundishwa kama istiara ya utawala dhalimu. Usomaji huo ni sahihi. Lakini Kusadikika ni kitabu kinachohusu safari pia. Nchi yenyewe iko angani. Wajumbe sita hutumwa pande sita, kila mmoja apate ujuzi wa nchi nyingine na kurudi na mambo yatakayofaa kwao. Wanarudi, na malipo yao ni kifungo. Karama, mshitakiwa, anaijenga hoja yake kwa kuyasimulia upya mambo ya wajumbe hao mbele ya baraza.

Mambo mawili yanafaa kuzingatiwa. Kwanza, wajumbe hao hawakusifiwa kwa mizigo waliyorudi nayo. Walicholeta ni maarifa ya jinsi mambo ya wengine yanavyotendeka. Kwa maneno ya mithali yetu, waliviona vyaelea, wakauliza vimeundwaje. Pili, Kusadikika iliwakataa kwa sababu ujuzi wao ulidai mabadiliko nyumbani. Hapa ndipo Kindu na Kusadikika zinapokutana. Msafiri anayerudi na masanduku hupokewa kwa ngoma. Msafiri anayerudi na habari kwamba huko watu hulipa kodi, hufika kazini kwa wakati, na bado wengine wao ni maskini, hafungwi gerezani. Hufungwa katika kutosikilizwa.

Mfano wa zamani zaidi ni ule wa wasafiri Waswahili ambao maandishi yao yalikusanywa na Carl Velten na kuchapishwa Göttingen mwaka 1901 kwa jina Safari za Wasuaheli. Humo mna habari za Salim bin Abakari, aliyesafiri hadi Urusi na Siberia. Ijapokuwa kazi hizo zilipitia mkono wa mhariri wa Kijerumani katika zama za ukoloni, zina sifa moja ambayo ujumbe wa ng'ambo wa leo umeipoteza: msafiri anaeleza. Anaeleza baridi, chakula, mavazi na desturi, kwa udadisi wa mtu anayetazama watu wengine, si malaika. Nchi ya Wazungu kwake ni nchi, yaani mahali penye hali ya hewa na kazi. Zaidi ya miaka mia baadaye, ilhali simu inaweza kuonyesha kila kitu kwa dakika moja, nchi hizo zimegeuka kuwa lola.

8.0 Hoja za Upande wa Pili

Msomaji anaweza kupinga kwamba uhakiki huu ni anasa ya mwenye mshahara. Kwa makadirio ya Benki ya Dunia ya mwaka 2024, zaidi ya Wakongomani 70 katika kila 100 waliishi kwa chini ya dola 2.15 kwa siku. Maniema imepitia vita vya 1996 na vya 1998 hadi 2003. Reli na barabara zake zimechakaa. Mtu anayetaka kuondoka katika hali hiyo hahitaji kudanganywa na msamiati. Aidha, fedha zinazotumwa na ndugu walio nje hulipa ada za shule na dawa za hospitali, na ukweli huo haufutwi na takwimu yoyote.

Pingamizi hili lina nguvu, na makala haya hayalikanushi. Kutaka kuondoka ni haki, na mara nyingi ni busara. Aliyekimbia risasi hakukosea kufurahia usingizi wa usiku wa kwanza mahali pasipo na mlio wa bunduki, hata kama nyumba aliyolala ni ya kukodi na godoro ni la kuazima. Lakini mtu anayesafiri ana haki nyingine pia, haki ya kujua anakokwenda. Familia inayouza shamba ili kumlipa dalali wa fomu za bahati nasibu ya viza, mpango ulioanzishwa na sheria ya Marekani ya mwaka 1990, haiuzi shamba kwa sababu ni maskini tu. Inauza kwa sababu imepima thamani ya shamba na thamani ya lola, na kipimo cha pili hakina mizani. Mwanafunzi anayeacha masomo mwaka wa mwisho akingojea jina lake litokee hakosi akili; amekosa kitenzi. Na mama anayemlaani mwanawe aliye ng'ambo kwa kuwa hakutuma fedha ya matanga, huenda analaani mtu aliyelipa siku hiyo hiyo deni la tiketi iliyomwondoa kambini.

Gharama hii ya mwisho ndiyo nzito kuliko zote. Taswira potofu ya utajiri humpotosha anayetaka kwenda, kisha huvunja undugu kati ya aliyekwenda na waliobaki. Fedha isiyotumwa hutafsiriwa kuwa upendo uliokufa, kwa kuwa katika sentensi ya kuwapo fedha haiwezi kukosekana; inaweza tu kufichwa.

9.0 Hitimisho

Uchunguzi huu umeonyesha kwamba taswira ya Marekani katika Kiswahili cha Maniema ina historia ndefu, tangu doti ya merikani hadi picha ya simu, na kwamba katika historia hiyo yote kitu kimetenganishwa na kazi iliyokizaa. Umeonyesha pia kwamba utengano huo umejikita katika msamiati, katika muundo wa sentensi, na katika kanuni za utanzu wa ujumbe kutoka ng'ambo. Ndiyo maana kukanusha peke yake hakutoshi. Anayesema Marekani si tajiri atapingwa na kila filamu, tena kwa haki.

Kazi iliyo mbele ya idara za Kiswahili ni ya namna nyingine. Utanzu wa ujumbe wa ng'ambo ukusanywe na kuchunguzwa, kwa idhini ya wenyewe na kwa kuficha majina, kama zilivyokusanywa ngano na nyimbo. Safari za Wasuaheli irudishwe darasani ili wanafunzi waone namna Mswahili wa kale alivyoeleza nchi ya kigeni bila kuisujudia wala kuidharau. Kusadikika isomwe upya kwa swali la msafiri: nani anaruhusiwa kurudi na ukweli, na nani anakubali kuusikiliza?

Zaidi ya hayo, walimu wawazoeze wanafunzi wao kumalizia sentensi. Mtu akisema Amerika kuko feza, aulizwe: inafanyiwa kazi gani, kwa saa ngapi, na nani, na inabaki kiasi gani baada ya kulipa? Maswali hayo hayavunji ndoto ya mtu. Ni maswali yale yale anayoulizwa kila siku mvuvi anayetia mtumbwi wake nanga Alunguli, kabla mtu hajakubaliana naye bei ya samaki.